Pweza tutamlipia wenyewe. Kasa alipiwe na nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, tunaweza kuwahifadhi viumbe wa baharini bila ya kumkatia mvuvi riziki yake?" Jibu langu ni kwamba inawezekana, ila kwanza mniambie mvuvi yupi.

Mimi ni mchuuzi wa pweza hapa Mkoani, Pemba. Ninaonunua kwao ni wa kila namna. Yupo mwenye boti ya mashine na jarife, ule wavu mkubwa wa kutegwa, yupo wa mshipi na ngarawa yake, yupo wa madema, wapo vijana wanaozamia kwa miwani na mkuki, na wapo wanawake wanaoshuka pwani kwa miguu maji yakipwa, kijiti mkononi, wakichokoa shimo moja baada ya jingine. Kwenye mikutano wote hawa huitwa wavuvi, basi. Lakini mwamba ukifungwa, yaani watu wakizuiwa kuvua hapo kwa muda, mwenye mashine husogea mbele akavua kwengine. Mwanamke wa miguu hana kwengine. Bamvua, zile siku za maji kupwa sana, linakuja, linaondoka, naye yuko nyumbani.

Hata hivyo mimi naunga mkono kufunga mwamba wa pweza, tena kwa moyo mmoja, kwa sababu faida yake naipima kwenye mizani. Pweza haishi sana, mwaka hivi au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu katika umri wake, hukaa shimoni akiyalinda mayai bila ya kula, na yakishaanguliwa hufa. Mnyama wa umri huo hana budi kukua haraka. Ukimwacha miezi mitatu tu, yule uliyemwona hatoshi hata kitoweo cha mtu mmoja unamkuta amekuwa wa kulisha nyumba. Wenzetu wa Andavadoaka, Madagaska, walilijaribu jambo hili mwaka 2004. Kwetu wakaanza watu wa Kisiwa Panza, hapa Pemba, kwa kusaidiwa na Mwambao, jumuiya inayosaidia vijiji vya pwani kutunza bahari yao, na vijiji vingine vya Pemba na Unguja, Kizimkazi ikiwemo, navyo vikafuata. Hufungwa kipande tu cha mwamba, si bahari yote, na kamati ya wavuvi ya shehia ndiyo inayolinda.

Kasoro inaonekana siku ya kufungua. Siku hiyo huchaguliwa ndani ya bamvua, mwamba ukae nje vizuri, na habari haifichiki. Alfajiri utakuta watu ambao hata lindo la usiku mmoja hawakukaa. Wenye miwani wanazama pembezoni mwa mwamba, wanawatoa wale wakubwa, na kina mama wanabakiwa na wadogo wa maji mafupi. Halafu pweza wote wanafika sokoni asubuhi moja, na bei inaporomoka. Nasema hili mimi ninayefaidika nalo: siku ya kufungua ndiyo siku ninayonunua kwa bei nafuu kuliko zote. Aliyevumilia miezi mitatu anauza rahisi, na mwenye barafu ndiye anayecheka.

Dawa yake si ngumu. Bamvua la kwanza waachiwe wa miguu peke yao, wa kuzamia waingie baadaye. Bei ikubaliwe na wanunuzi kabla mwamba haujafunguliwa, na iandikwe. Walinzi walipwe chochote, maana mlinzi mwenye njaa anayesikia mkuki ukigonga jiwe usiku, na mwenye mkuki ni mtoto wa shangazi yake, atajifanya kalala. Haya yote kijiji kinayaweza, kwa sababu pweza hurudisha deni ndani ya msimu uleule.

Kasa halirudishi hivyo, na hapa ndipo swali lenu linapokuwa zito. Kasa jike huchukua miaka 20, 30, na pengine zaidi, mpaka atage mara ya kwanza. Pomboo huzaa mtoto mmoja, akapumzika miaka kadhaa. Papa wengi nao huchelewa kuzaa, na watoto wao ni wachache. Huwezi kumwambia mtu afunge miezi mitatu kisha aje avune kasa. Unachomwambia hasa ni aache leo, na matunda yake huenda asiyaone. Sharti kama hilo hawekewi mtu ambaye chakula cha jioni hajakipata.

Tena wavuvi wengi kasa hawamtafuti. Jarife limetegwa kwa ajili ya papa na samaki wakubwa, kasa anaingia mwenyewe. Kumtoa mzima mara nyingi ni kukata nyuzi, na jarife likikatwa ni siku za kushona na pesa za uzi. Mbele yake mvuvi anaona nyama ya mtaa mzima. Sheria inamkataza, anajua. Kifo nacho anakijua: Machi 2024, pale pale Kisiwa Panza, watu tisa walifariki kwa kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto, na 78 walilazwa. Novemba 2021 walikuwa wamekufa saba hapa hapa Pemba. Sumu ile haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na hujui kasa yupi anayo. Mwenyezi Mungu awarehemu. Wapo wanaosema msiba ule umefundisha kuliko semina zote. Sina hakika. Njaa husahau upesi.

Basi anayefaidika na kasa hai na pomboo hai ndiye alipie. Kizimkazi zamani pomboo walivuliwa, nyama yao ikafanywa chambo cha papa. Tangu miaka ya 1990 wanaendewa na watalii, na pesa zinaingia, lakini kwa wenye boti na wenye mahoteli. Mwenye jarife nje kidogo ya hapo hapati hata thumni, na pomboo wanaendelea kunasa. Vifaa vya kutoa sauti vya kuwazuia pomboo wasikaribie nyavu vimewahi kujaribiwa Zanzibar na vikapunguza vifo. Anunue nani? Watamu, Kenya, mvuvi akimwita mtu wa hifadhi amchukue kasa aliyenasa hupewa fidia ndogo. Ndogo, lakini anaita. Sisi tuna kisiwa cha Misali, hifadhi tangu 1998, tuna maji yote ya magharibi ya Pemba chini ya Hifadhi ya Mkondo wa Pemba tangu 2005, na wageni wanalipa kuingia. Kutoka kwenye ada hiyo itengwe pesa ya nyuzi: umemwachia kasa mbele ya mjumbe wa kamati, umelipwa siku hiyohiyo. Si mwezi ujao, si baada ya kujaza fomu Unguja.

Misali pia masheikh waliingia, wakazungumzia amana na israfu, na kwa ninavyoona khutba ya Ijumaa inafika pasipofika ubao wa wizara. Lakini khutba haishoni jarife.

Neno moja kwa sisi wenyewe. Wapemba tunakwenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi ugenini, Unguja, Tanga, hadi Kenya, na huko tunavuta juya, wavu wa kukokota, na kupiga kigumi, yaani kugonga matumbawe kwa magongo ili samaki watoke, mambo ambayo yangefanywa Kisiwa Panza na mgeni tungemtoa mbio. Kamati za shehia zinajua kumzuia anayeingia. Bado hazijui la kumfanya mtu wao anayetoka.

Upande wangu, pweza wa chini ya nusu kilo sinunui. Wanaoniletea wananuna, wanahamia meza ya jirani, naye anawachukua wote bila ya kupima. Kamati ya soko ikitoa amri moja kwa meza zote, nitashukuru. Kwa sasa kanuni hii inanigharimu mimi tu, na pweza wadogo wanaendelea kuuzwa hatua tatu kutoka nilipo.

Mchuuzi wa pweza, Mkoani, Pemba