Mwenye Boxer mpya wa Kibosho: kabla ya CC, tuambie unalala wapi

Hongera mangi kwa chombo kipya. Kwa wasiosoma kuanzia juu: ndugu yetu kanunua pikipiki ya Boxer 150 Arusha, kazi yake iko Moshi mjini, analala Kibosho, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, tena Kibosho ya juu kabisa. Anauliza mambo matatu: je, itapanda mpaka kwake akiwa na mke nyuma, aizoesheje injini, na anunue nini kwanza. Wengi mmempa hongera, mkataja CC (ukubwa wa injini) za kwenu, mkaondoka. Mimi njia zile nazijua, kwa hiyo mnivumilie, jibu ni refu.

Nijitambulishe kwanza kama wengine. Humu jukwaani mnaniita mkuu na haina shida, ila mimi ni dada yenu. Ni afisa ugani, Moshi Vijijini. Nilijifunzia kwenye Yamaha DT 125 ya ofisi, ile inayounguza oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa bluu mgombani. Mwaka 2022 serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani nchi nzima, kazi ikawa nyepesi kidogo. Hii ya sasa ni yangu mwenyewe, nimeilipia mwenyewe: TVS HLX 125, nyekundu, bado ina harufu ya duka. Nabeba bomba la kupulizia dawa, miche ya kahawa ya kutoka Lyamungu, na mara mojamoja mwenyekiti wa kijiji.

Nilikuwa na hela ya 150 nikachukua 125, na rafiki zangu wa kijiweni bado wananicheka. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, kwenye tope la mwezi wa nne pikipiki inaanguka, na ikianguka ni mimi nitakayeinyanyua. Pili, miguu yangu yote miwili inafika chini. Kwenye mteremko ukitaka kugeuza na mguu mmoja unaning'inia, utalala nayo. Mkuu wewe ni mwanaume mrefu (picha inaonyesha) na unabeba mke, kwa hiyo 150 kwako ni sawa kabisa. Usibadilishe mawazo kwa sababu yangu.

Sasa swali la kupanda. Watu wa mkoa huu tunajigawa juu na chini, na pikipiki nazo hivyohivyo. Anayelala Mabogini, Kahe au TPC kwenye mashamba ya miwa na anayelala Uru, Kibosho au Machame hawana pikipiki moja hata kama wamenunua duka moja siku moja. Wa chini adui yake ni vumbi na joto. Wa juu adui yake ni mwinuko, utelezi na hewa nyepesi. Moshi mjini tuko kama mita 800 na kitu hivi kutoka usawa wa bahari. Mageti ya mlima ya Machame na Marangu yako kama mita 1,800. Kwa hiyo mwenye nyumba karibu na geti anapanda karibu kilomita nzima kwenda juu kila jioni, na pikipiki inapanda naye.

Hewa ikipungua, injini nayo inapungua nguvu. Kwa makadirio, kila ukipanda mita 1,000 unapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Halafu kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, haina akili ya kujua uko wapi: inaendelea kumwaga petroli ileile wakati hewa imekuwa kidogo. Ndiyo maana ukifika juu unasikia harufu ya mafuta, injini inakoroma, na ukifungua plagi unaikuta nyeusi kama imepakwa masizi. Watu wanakimbilia kwa fundi kubadilisha jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Usikubali haraka. Anza na chujio la hewa. Chujio chafu linaongeza ugonjwa uleule, yaani hewa kidogo na petroli nyingi, na kwa sisi tunaopita vumbi la chini asubuhi na kupanda jioni linaziba upesi. Kama ni la sponji, lioshe kwa mafuta ya taa, likamue, lipake oili kidogo, rudisha. Kama ni la karatasi usilioshe, likung'ute, na likichoka nunua jingine. Ukishasafisha na bado inakoroma, hapo ndipo umwite fundi, na umwambie unalala wapi. Fundi wa mjini anairekebisha pikipiki ikiwa mjini, na inaimba vizuri pale mlangoni kwake.

Kwa hiyo itapanda? Itapanda. Na mke juu, itapanda kwa gia ya pili sehemu zile kali, na hakuna aibu. Kinachoua injini mpya ni kung'ang'ania gia ya tatu huku inatetemeka na kulia chini ya uzito, halafu wewe unazidi kuifungulia mafuta. Shusha gia mapema, kabla kilima hakijakushika.

Ila kupanda kunasifiwa bure. Kinachonipa wasiwasi na wewe ni kushuka. Asubuhi una haraka ya kazini, barabara inaelekea chini mwanzo mwisho, na mizigo ya ndizi na maziwa inashuka pamoja na wewe. Vijana wengi wa boda wanazima injini kabisa na kuachia pikipiki ijiendee ili kubana mafuta. Nimekaa nyuma ya mmoja hivyo mara moja, nikamwambia simama, nikalipa nauli yote na kushuka kwa miguu. Injini ikizimwa, kazi yote inabaki kwenye breki. Breki za nyuma za pikipiki zetu nyingi ni za dramu, na dramu ikipata moto mrefu inaacha kushika. Unakanyaga, pedali inashuka, pikipiki inaendelea na safari zake. Weka gia. Ile gia uliyopandia kilima ndiyo utakayoshukia, waliotufundisha udereva hawakukosea hapo. Achia mafuta, usiminye klachi, acha injini ikushikilie, breki ziwe za kuongezea tu, unagusa na kuachia, unagusa na kuachia. Mvua ikinyesha na ule udongo mwekundu ukalainika, breki ya mbele iguse kama unagusa yai, na usiiguse kabisa ukiwa umepinda.

Na mpya ina jambo lake: brekishu, vile vipande vinavyobana dramu, bado hazijakaa sawa nayo, kwa hiyo siku za mwanzo breki zinashika nusunusu. Zizoeshe kwenye tambarare, pale barabara za Shanty Town asubuhi ya Jumapili hakuna magari, kabla hujazipeleka Kibosho na mtu nyuma.

Kuhusu injini. Nimeona mtu kakushauri "ikimbize ifunguke". Achana naye. Kitabu ulichopewa kina mipaka ya spidi kwa kilomita za mwanzo, ifuate mpaka kilomita 1,000 angalau, kisha ulegeze taratibu. Ila kitabu hicho hakikuandikwa na mtu wa Kibosho. Kwako spidi siyo tatizo kubwa, hata ukitaka huipati. Angalia mzigo. Wiki za mwanzo panda mwenyewe, mke apande daladala, na ikibidi muende wote basi msimame njiani ipoe. Ukiwa lami tambarare usishikilie mwendo mmoja muda mrefu. Ongeza, punguza, badili gia. Oili ya kwanza ni kati ya kilomita 500 na 750, na usiipitishe, kwa sababu ndiyo inayotoka na unga wa chuma wa vyuma vinavyosagana kwa mara ya kwanza. Imwage kwenye chombo cheupe, utauona uking'aa. Wekeni oili ya pikipiki jamani. Ya gari ni nzuri kwa gari. Pikipiki zetu klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na oili nyingi za gari za siku hizi zina dawa ya kuifanya iteleze zaidi, basi klachi nayo inateleza: unafungua mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi. Fundi atakwambia klachi imekwisha na atakuuzia nyingine.

Hukusema ulivyoitoa Arusha. Kama uliendesha, sawa, zile kilomita 80 si mbaya ukisimama Usa River, Kikatiti, na Bomang'ombe. Ila wengine mnaopanga kwenda kununua huko, mjue kipande cha KIA (njia panda ya uwanja wa ndege) hadi Bomang'ombe kina upepo wa ubavuni, na basi likikupita unasukumwa halafu unavutwa. Na pikipiki imetoka kwenye boksi leo, imefungwa na kijana aliyekuwa na nyingine nne za kufunga kabla ya chakula cha mchana. Kagua kabla hujaondoka dukani: nati za ekseli zote mbili, usukani, cheni kama imenyooka, na waya za breki. Spoku zigonge na spana ndogo moja moja, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Baada ya wiki moja ya mashimo rudia yote, kwa sababu spoku mpya zinalegea.

Makaratasi sirefushi. Namba ya fremu na ya injini ziwe sawa na kwenye kadi, bima ihakiki mwenyewe kwa mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) usitegemee stika, na leseni iwe na daraja la pikipiki. Leseni ya gari pekee haikuruhusu, trafiki wa Kiboriloni watakueleza.

Anunue nini kwanza? Mkuu nimeona picha yako, umeshaulizia taa za rangirangi na spika. Hela ya spika nunua kofia ngumu ya pili. Ya mke, inayomtosha, yenye mkanda unaofunga, siyo ile ya bure iliyokuja na pikipiki. Ya bure hiyo ivae wewe ukienda dukani tu, halafu tafuta nyingine hata wewe. Baada ya hapo gadi za mbele (vyuma vya kukinga ukianguka), koti la mvua, na gambuti. Kareya kubwa subiri. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli kwenye mwinuko, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii. Miche yangu ya kahawa naifunga kwenye tanki na katikati ya siti, nyuma naacha vitu vyepesi.

Na hili la mke nasema kama mwanamke, msinune. Wanawake wetu wengi wanakaa upande mmoja, miguu yote kushoto, kwa sababu ya sketi au kitenge. Kwenye tambarare unavumilia. Kwenye kona za mlimani uzito wote uko upande mmoja na yeye hana pa kushika. Mwambie avae suruali ndani na kitenge akikunje, akae katikati, miguu kwenye vikanyagio. Ncha za khanga zisining'inie karibu na cheni na spoku, nimeshaona mtu akivutwa na nguo yake mwenyewe. Na apande na kushukia kushoto, sikuzote. Ekzosi iko kulia. Tembea soko la Mbuyuni uangalie miguu ya kina mama, ile alama ya duara kwenye shavu la mguu wa kulia utaijua.

Upepo wa tairi usijazwe kwa kubonyeza na kidole. Pikipiki ina stika, mara nyingi iko ubavuni au kwenye kifuniko cha cheni: mbele unajaza kidogo kuliko nyuma, na ukibeba mtu nyuma unaongeza. Wale wanaopunguza sana upepo wakati wa masika ili tairi ishike tope, wanapata mshiko kweli, ila jiwe moja linabana tyubu kwenye rimu na unasukuma mpaka nyumbani. Kilima chote.

La mwisho kwako mangi, ukishamaliza kilomita za kuizoesha na ukaona bado unaishi kwenye gia ya kwanza na ya pili, fikiria sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Ukipunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Pikipiki inapata nguvu ya kupanda na inakushikilia vizuri zaidi wakati wa kushuka. Inapoteza mwendo wa mwisho lami, kwa hiyo safari za Arusha utalalamika. Nunua sproketi mbili na cheni pamoja, cheni ya zamani kwenye meno mapya inayala.

Yule wa Tarakea aliyeuliza kama 100 inamtosha: peke yako na begi, ndiyo. Na gunia la maharage, hapana. Na wa Njiro aliyeuliza kava la tanki la rangi gani linaendana na nyeusi, dada yenu hapo sina mchango.