Kona ya Kamera: Nina zumu tayari, praimu ya f/1.8 ya nini tena?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nina kamera ya sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha), ile APS-C, na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, 18-55. Mchana nje sina malalamiko kabisa, picha ziko poa. Balaa ni ndani jioni. Nina mtoto wa miaka 2 ambaye kutembea hajui, anajua kukimbia tu, nikimpiga picha sebuleni mikono inatoka kama moshi, nikipandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) picha inajaa chenga, nikiwasha flashi anafumba macho halafu ukutani nyuma yake panatokea kivuli kama cha jini. Rafiki yangu kaniambia nunua 50mm f/1.8 utanikumbuka. Mume wangu yeye anasema lenzi isiyovuta ni kurudi nyuma, yaani unatoa hela ununue kitu kinachofanya kazi chache kuliko ulichonacho! Nimsikilize nani? – Mama Mbio

JIBU: Marahaba dada. Mumeo hajakosea, praimu, yaani lenzi ya milimita moja tu kama hiyo 50, haivuti na hilo halina mjadala, ukitaka mtu awe mkubwa kwenye fremu unamsogelea kwa miguu yako. Ila yeye kahesabu milimita tu, mwanga hajauweka kwenye hesabu, na shida uliyoniandikia ni ya mwanga.

Angalia mdomoni mwa hiyo lenzi yako utakuta imeandikwa 1:3.5-5.6. Hiyo 3.5 ni ya pale kwenye 18 tu, kadiri unavyovuta ndo mwanga unavyopungua, ukifika 55 uko f/5.6 upende usipende. Sasa namba ya f siyo uchawi, unachukua milimita za lenzi unagawa kwa upana wa tundu la mwanga, kwa hiyo 50 ikiwa f/1.8 tundu lake lina upana wa karibu milimita 28, na 50 hiyohiyo ukiifunga f/5.6 tundu linabaki kama milimita 9. Na mwanga unapita kwenye eneo lote la tundu, ndo maana tofauti haiishii mara tatu, inakaribia mara 10. Pale zumu yako, hiyo 18-55 inayovuta, ilipokuwa inakupa shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) ya 1/20 ya sekunde, hiyo f/1.8 inakupa karibu 1/200 kwa ISO ileile. Au igeuze hesabu: ukitaka 1/200 na zumu umeivuta mpaka mwisho, ISO iliyokuwa 1600 ingebidi ifike kama 16000, na hizo ndo chenga zako.

Kwa 1/20 mtoto akipunga mkono tu ni moshi. Kwa 1/200 akiwa amekaa anacheza, anageuka, anacheka, unampata. Akikata mbuga kutoka chumbani kwenda mlangoni nisikudanganye dada, hapo unataka 1/500 na kuendelea, ISO utaipandisha tu hata ukiwa na praimu, ila angalau unaanzia chini.

Na kabla mumeo hajasema lenzi yetu ina ile ya kuzuia mtikisiko: ile inatuliza mkono wako, mtoto haimtulizi.

Hapa sasa naachana na rafiki yako pia. Wengi wanaoisifia 50 wamerithi maneno ya enzi za filamu ya milimita 35, ambapo 50 ilikuwa ndo lenzi ya kila siku, mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alitembea na kamera ya Leica yenye 50 sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi na wala hakulalamika. Kwenye sensa kubwa ya fulufremu hadithi ni ileile mpaka leo. Ila sensa yako ni ndogo, inakata kingo, 50 kwako inaona kama 75 (kama ni Canon, kama 80), na hiyo ni lenzi ya kupiga sura, siyo ya sebule. Fanya hesabu nyingine uone: unataka mtoto mzima, kichwa mpaka miguu, na nafasi kidogo juu na chini, kamera umeilaza, tuseme urefu wa mita 1 ndani ya fremu. Na 50 unatakiwa kukaa mita 3 na ushee kutoka kwake. Na 35 ni mita 2 na robo hivi. Hiyo mita 1 katikati inaonekana ndogo mpaka mgongo wako ugonge kabati na mtoto bado hajaingia miguu. Mi nilikuwa na 50 kwenye sensa kama yako miaka kadhaa, picha nyingi za nyumbani za kipindi kile ni vichwa vitupu, vichwa vizuri sana, lakini hujui tulikuwa chumba gani wala mtu alikuwa ameshika nini.

Kwa hiyo mi nasema 35, f/1.8 au hata f/2. Ila usinunue kesho. Zumu unayo, itumie kupima. Chukua kipande cha selotepu, zungusha lenzi mpaka 35, bandika isizunguke, kaa nayo hivyo wiki nzima, usiitoe hata ukiona picha inakupita. Wiki inayofuata hamisha iwe 50. Giza halitaisha, hilo sahau, unachopima ni nafasi: unabanwa au hubanwi. Au kama huna subira fungua picha zako za mwaka mzima kwenye kompyuta uangalie taarifa za kila picha, milimita zinaandikwa humo. Mi nilipofanya hivyo niliona aibu, picha karibu zote zilikuwa 18 au 55, katikati hamna kitu, yaani nilikuwa nazungusha mpaka mwisho wa upande mmoja au mwingine kama mtu anayefungua bomba. Zumu yangu ilikuwa lenzi mbili zilizofungwa pamoja, na zote mbili hazina mwanga.

Utasikia pia watu wanasema praimu unazumu kwa miguu. Siyo sawasawa hiyo. Ukisogea, uso unakua lakini ukuta wa nyuma haukui kwa kiasi hichohicho, mpangilio wote wa picha unabadilika, na ukimsogelea mtu sana pua ndo inatangulia. Kuvuta na zumu umesimama palepale ni kama kukata kingo za picha tu. Kwa hiyo zumu yako usiiuze, kuna siku umekaa kwenye kiti ukumbini mtoto yuko jukwaani na huruhusiwi kunyanyuka, siku hiyo praimu ya 35 itakupa jukwaa zima na mtoto ukubwa wa siafu.

Kitu kimoja kitakusumbua mwanzoni nikwambie mapema. Ukifungua f/1.8 sehemu iliyo kali inakuwa nyembamba sana. Na 50 kwa sensa yako, mtu akiwa mita 1 mbele yako, kina cha ukali ni kama sentimita 3 basi, fokasi ikidaka ncha ya pua, kope zishaanza kulainika. Na 35 kwa umbali huohuo ni kama sentimita 6, kuna nafuu lakini siyo ya kulala usingizi. Nishawahi kumpiga picha mtoto anapuliza mshumaa wa bethidei, nimefungua yote kwa furaha ya lenzi mpya, fokasi ikakamata mshumaa. Mshumaa umetoka vizuri mpaka unaona nta inavyoshuka, mtoto kalainika, bibi yake aliyekuwa nyuma kawa wingu lenye miwani. Picha haipigwi mara mbili ile, mshumaa ushazimwa. Toka hapo weka kidoti cha fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe, kama kamera yako ina kudaka macho yenyewe iwashe, na wakiwa wawili au watatu wapange mstari mmoja ufunge f/2.8 au f/4. f/1.8 ni ya pale giza limekubana, siyo ya kuonyesha watu kwamba unayo.

SWALI: Mkuu, nina 50 f/1.8, nikitoka nayo juani saa saba mchana nikiweka f/1.8 picha inakuwa nyeupe kama imemwagiwa maziwa, shata inawaka 4000 inamweka. Lenzi mbovu? – Msomaji wa Kila Toleo

JIBU: Lenzi nzima. Jua kali kwa ISO 100 na f/1.8 linataka shata ya kama 1/8000, kamera yako imegota kwenye 1/4000 na ndo inakupigia kelele kwa kumweka. Funga mpaka f/2.8 au f/4, hilo tu. Kama lazima ufungue yote, mpeleke mtu kivulini, na sura itakushukuru pia maana jua la utosini linachimba mashimo machoni.

SWALI: Habari kaka, nimenunua 50mm f/1.8D ya mkono wa pili niweke kwenye Nikon D3200 yangu. Kwanza kamera iliandika FEE ikakataa kupiga, rafiki akazungusha pete ikakubali, lakini fokasi haisogei kabisa, natekenya kitufe kimya. Aliyeniuzia kanitapeli? – Nimeingizwa Mjini

JIBU: Hapana, hajakutapeli, ila kama alijua una D3200 angekwambia. Lenzi hizi za D hazina mota ndani, zinategemea mota ya kwenye bodi, yaani kamera yenyewe, inayozizungusha kwa kijimsumari pale zinapofungwa, na D3200 haina mota hiyo, kama kamera zote za jamii ya D3000 na ya D5000. Bodi za jamii ya D7000 zinayo. Hiyo FEE ni kwa sababu pete ya lenzi lazima ikae kwenye namba kubwa kuliko zote, f/22, halafu kuna kiloki kidogo pembeni uisukume isihame, baada ya hapo f unaibadilisha kwenye kamera kama kawaida. Mwanga itapima vizuri tu, kukosa fokasi ya otomatiki ndo hasara pekee.

Ukitaka kubaki nayo, zungusha fokasi kwa mkono huku umechungulia kwenye kijidirisha cha kamera, kuna kidoti cha kijani chini kushoto, kikiwaka kikatulia hapo ulipolenga pamekamata. Kwa mtu aliyekaa au vitu vya mezani utazoea ndani ya siku mbili tatu. Kwa mtoto wa Mama Mbio hapo juu, usijaribu. Kama hutaki mateso, mrudishie utafute yenye herufi G na AF-S mwanzoni mwa jina, hizo mota zake ziko ndani.