Nairobi hadi New York: mbona kwenda ni mbali kuliko kurudi?

SWALI: Habari mhariri. Kijana wangu amenikatia tiketi ya ndege ya moja kwa moja JKIA mpaka JFK, naona natoka saa sita usiku nafika saa mbili asubuhi, si hayo ni masaa 8 tu? Na yeye anasema ni 15, halafu kurudi 14. Nani anadanganya? – Mama Kevo, Thika

JIBU: Hakuna anayedanganya mama, ni saa tu zimekuchanganya. Tiketi huandika saa ya kila mji, na New York iko nyuma yetu masaa 7 (kuanzia Novemba hadi Machi ni 8, wenzetu hurudisha saa nyuma), kwa hiyo ukitua hiyo saa mbili asubuhi huku Thika watu washakula lunch, ni saa tisa mchana.

Umbali ni kama kilomita 11,800. Ukigawa kwa spidi ya 900 kwa saa unapata masaa 13 na kitu, zingine zinaliwa na kupaa, kushuka, na hasa upepo. Huko juu kilomita kumi hivi kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, ukienda unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni, kama tu kuendesha baiskeli.

Beba soksi nzito, huko ndani baridi si mchezo, na uwe unainuka kutembea kidogo miguu isivimbe.