Wageni wa Kundi, Msiruke Soga

Juzi tumepokea wageni tena katika kundi letu la mashairi la simuni. Kabla adhuhuri haijaingia mmoja alishatupa shairi la beti kumi na mbili bila salamu wala kujitaja, akaandika chini yake "naomba maoni", kisha akapotea. Mwingine akamuuliza admini, mbele ya watu wote, kama kuna namna ya kutenganisha mashairi na "mazungumzo ya chai na mvua". Nawapenda hawa vijana. Mmoja wao ana sikio la vina ambalo wengine wetu tulilitafuta kwa miaka. Lakini kila wanapoingia wapya naona yale yale, na safari hii nimeona niandike yote mahali pamoja, anayeongezwa kesho apewe asome.

1. Salimu kwanza. "Shikamooni wakubwa, salamu kwa rika" inatosha. Taja mji ulipo na lahaja unayoandikia, maana kundi letu linaanzia Bujumbura, linapita Dodoma, Tanga, Pemba na Mombasa, hadi Muscat. Wa Muscat wako saa moja mbele yetu wa Tanga, wa Bujumbura saa moja nyuma, kwa hiyo salamu za alfajiri huanza Omani, zikashuka pwani, na zikifika Burundi huku kwetu mtu anamimina chai ya pili. Humo ndimo unapojua nani anauguliwa na mtoto, nani ana mtihani, nani bando limemwishia. Kuna bibi yetu wa Pemba ambaye haianzi siku bila kutuambia amepika nini, na majina mengi ya samaki nimeyajua kwake kuliko sokoni. Leo yamo katika tungo zangu.

2. Usiinyamazishe soga. Hapa mnivumilie, nitakaa.

Mwaka wangu wa kwanza kundini nilikuwa nasoma mashairi tu. Usiku nafungua simu, napita juu juu zile salamu na pole na hongera, natafuta palipo na mishororo minne minne. Niliona huo ndio umakini. Nilikuwa nimetoka kusoma sheria za arudhi, yaani kanuni za vina na mizani (hesabu ya silabi), kichwa kimejaa ukwapi na utao, zile nusu mbili za mshororo, na nilikuwa na haraka ya kuonekana najua.

Usiku mmoja mzee wetu wa Mombasa, ambaye sote tunamwita Maalim, akaweka beti tano kwa Kimvita, lahaja ya kwao. Ubeti wa pili ulianza hivi:

Nalala sifumbi mato, kitanda kimepanuka

Nikamjibu pale pale, kundi zima likisoma. Kwanza, nikasema, neno sanifu ni "macho". Pili, kitanda hakipanuki, taswira hiyo haikai, atafute nyingine. Tatu, kibwagizo kimepungua mizani moja. Nikamalizia kwa kumshauri asome zaidi. Namwambia mtu wa umri wa baba yangu, aliyekuwa akitunga kabla sijazaliwa.

Kundi likanyamaza. Watu walikuwa wakisoma, tiki za buluu zinaonekana, na hakuna aliyeandika. Baadaye Maalim akajibu: "Ahsante mwanangu, nitaitazama." Hakuonekana tena kwa siku nyingi.

Ujumbe ulionijia inboksi ulitoka kwa bibi wa Pemba. "Soma juu." Basi. Nikapandisha, nikapita salamu za siku zile zote nilizoziruka, na humo nikayakuta. Maalim alikuwa amefiwa na mkewe. Ilikuwemo taarifa ya maziko, dua za watu wa Unguja, mpango wa rambirambi zipitie kwa nani, na nani wa Mombasa ataketi kwenye hitima kwa niaba yetu. Mwenyewe alikuwa amesema hapati usingizi, na kwamba pengine ataandika. Watu walikuwa wakiusubiri utungo ule ili wampokee. Aliyempokea nikawa mimi, na kalamu nyekundu.

Nikarudi kuusoma mshororo. Mtu aliyelala na mkewe miaka yote ile, sasa yuko peke yake: kitanda kimepanuka. Sijakutana na taswira iliyo sahihi kuliko hiyo. Na "mato" niliyotaka aiondoe ndiyo iliyoshika kina cha kati, maana ukwapi wa ubeti mzima uliishia kwa -to: mato, moto, kito, mito. Ukiweka "macho" kina kimekufa, na sauti ya mtu wa Mvita imekufa pamoja nacho. Hata mizani niliyodai imepungua ilikuwepo. Nilihesabu "mja" ya kwenye kibwagizo kuwa mizani moja, na ni mbili, m-ja, kila anayeanza hufundishwa hilo.

Nikaufuta ujumbe wangu kwa wote, ila wote walishausoma. Nikaandika maneno ya kuomba radhi, nikayafuta, nikaandika upya. Bibi akaniambia niache kuandika, nimpigie Maalim. Nilipompigia sikuwa na la maana. Nilisema niwie radhi, nikalia. Maalim akaningoja. Kisha akaniuliza kama mvua zimeanza Tanga, na mbaazi kwetu zauzwaje, maana marehemu Ijumaa yake haikutimia bila mbaazi za nazi na mahamri. Tulizungumza mbaazi kwa muda mrefu kuliko tulivyozungumza kosa langu. Aliporudi kundini alianza kwa salamu, akataja joto la Mombasa, nami nikawa wa kwanza kumjibu, nikampa habari za mvua.

Tangu hapo nasoma soga kabla ya shairi. Nikishajua mtu ameamkaje ndipo najua la kumwambia kuhusu ubeti wake, na mahali pa kumwambia.

3. Haya ni madogo, nayapitia haraka. Usitume picha ya shairi. Andika maandishi, mtu aweze kunakili ubeti anaoujadili. Sauti ya kughani iwe fupi, bando si bure. Soma na utoe maoni kwa tungo za wenzako kabla ya kuomba zako zisomwe. Kasoro za mizani zipeleke inboksi, sifa ziache kundini. Chini ya ubeti wa mwisho weka jina, lakabu na mji, kama wafanyavyo washairi wa magazetini.

4. Ukitaniwa kwa shairi, jibu kwa shairi. Kijana wetu wa Dodoma alisifu chai ya rangi kwa beti nne nzuri. Hazikupita dakika kumi, mama mmoja wa Lamu akamshukia kwa kibwagizo hiki:

Chai bila tangawizi, hayo ni maji ya moto

Kijana akalefti usiku ule ule. Alidhani ametukanwa mbele za watu, na mama wa Lamu hakulala kwa wasiwasi, kwa sababu yeye hutania anaowapenda tu. Tulimtafuta, tukamweleza, akarudi, akajibu kwa bahari ile ile, yaani mtindo ule ule wa shairi, na vina vile vile, na malumbano ya chai yakaendelea mpaka watu wa Muscat wakaingiza kahawa na iliki. Beti zake bora kabisa alizitunga katika ugomvi huo.

Jambo lenyewe ni la zamani. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alirushiana tungo na malenga wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, na hayo hayakuwa masihara, miji yao ilikuwa na uhasama wa kweli. Kamange na Sarahani wa Pemba walijibizana hadi leo tunawataja kwa pamoja. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 lilikuja kuwapa washairi wa miji ya mbali nafasi ya kulumbana bila kuonana uso kwa uso. Lilitoka mara moja kwa mwezi. Aliyechomwa na ubeti alikuwa na mwezi mzima wa kupoa na kutafuta neno. Sisi jibu linatoka kabla hasira haijashuka, kwa hiyo nawasihi mlale kwanza, mjibu asubuhi.

5. Msitufufulie kila mwezi ule mjadala wa vina na mashairi huru. Kaluta Amri Abedi aliandika sheria za utunzi mwaka 1954, Euphrase Kezilahabi akatoa diwani isiyozifuata mwaka 1974, na wakubwa wameshagombana vya kutosha. Kundini tuna wote. Andika upendavyo, ila usiseme unaiacha arudhi kabla hujaijua.

6. Njooni kwenye takhmisa. Mtu hutoa mishororo miwili, wenzake wanaongeza mitatu juu yake, ubeti unakuwa wa mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alifanya hivyo kwa tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, aliyekuwa amekufa zamani; sisi tuna bahati kwamba tunayemwongezea yupo, na anaweza kucheka. Mara nyingi huanzia kwenye soga: mtu amelalamikia foleni, mwingine akaona sentensi yake ina mizani minane, basi tumeshaanza.

Ijumaa hii ni saa tatu usiku kwa Tanga na Mombasa, saa nne Muscat, saa mbili Bujumbura. Miwili ya kuanzia atatoa Maalim. Wageni ndio mtakaoongeza kwanza, na mitatu yenu ifuate vina vya mshororo wake wa juu. Asiyeelewa aniulize inboksi kabla ya Alhamisi.