Theluthi ya malaika iko Ufunuo 12:4

Yaya, umeniuliza kwa ajili ya riwaya yako juu ya uasi wa malaika mbinguni: hiyo theluthi ya malaika walioasi imetoka Ufunuo 12:4, ila pale ni nyota zilizokokotwa na mkia wa joka. Kuzisoma kama malaika ni maelezo ya baadaye. Vita vya malaika Mikaeli na joka viko mstari wa 7 hadi 9, sababu ya uasi haitajwi. Sababu kwamba Shetani alikataa kumsujudia Adamu imo katika Maisha ya Adamu na Hawa, kitabu kilicho nje ya Biblia, na Kurani nayo inasema hivyo juu ya Ibilisi. Siku tatu za vita, mizinga siku ya pili? Hiyo ni ya mshairi Mwingereza John Milton, katika utenzi wake Paradise Lost, 1667. Kwa riwaya yako sababu jitungie, lakini ukigusa Mikaeli, wasomaji wa Bukavu watafungua Biblia kukuhakiki.