Mlipuko ukija, nani afunge njia ya wageni?

SWALI: Sisi ni vijana wanane tunaowatembeza wageni Kibera. 2020, wakati wa korona, tulikaa miezi bila kazi, na wageni walipoanza kurudi, majirani wengine walitufukuza wakisema tunawaletea maradhi. Tujipange vipi ugonjwa mwingine ukizuka? – Mwongozaji, Makina

JIBU: Ndugu, hapo kuna maswali mawili, la pesa na la majirani. La majirani ndilo gumu, kwa hiyo naanza nalo.

Hawakuwa na choyo. Pesa za mgeni ziliingia mifuko minane, lakini kikohozi chake kingeingia kila ploti, kwenye choo na bomba la watu wote. Kuwaita mkutanoni mkawasomea mipango yenu hakutoshi (nimekaa vikao vya namna hiyo, soda huisha kabla ya hoja). Wapeni uwezo wa kusimamisha matembezi. Ketini sasa na wahudumu wa afya ya jamii, kina mama wa vituo vya maji na mafundi wanaowauzia wageni, muandike: dalili gani ikionekana tunasimama, nani anatamka, njia ipi inafunguliwa kwanza. Anayetamka asiwe mmoja wenu. Anayekula kwenye safari huchelewa kuifunga.

Tena msingoje serikali iwaamulie. Ugonjwa wa mpox ulithibitishwa nchini Julai 2024 na ndege ziliendelea kutua.

Sasa pesa. Ndege za abiria za kimataifa zilisimama kuanzia 25 Machi 2020 hadi 1 Agosti, miezi minne na siku kidogo, na hata zilipofunguliwa wageni walirudi kwa kudonoadonoa. Pigeni hesabu ya miezi sita, ya kodi na unga tu. Mkihitaji shilingi 6,000 kila mmoja kwa mwezi, ni 288,000. Mkitenga 200 kwa kila matembezi, na mna matembezi 40 kwa mwezi, mtafika baada ya miaka 3. Ni mbali, ndiyo. Akaunti iwe na sahihi tatu, moja ya mkazi asiye mwongozaji.

Halafu kuna mteja mwenyeji, Mkenya mwenzenu, ambaye wengi humkumbuka tu wazungu wakikatika. Nairobi ilipofungwa Aprili 2020, watu wa mjini walikimbilia msitu wa Karura kutembea. Bei ya mwenyeji iwekeni mapema. Ila mtu wa mtaa wa Embakasi hatalipa kuonyeshwa mabati, anayo kwao. Mpelekeni kwenye karakana ya mapambo ya mifupa, akate na kusugua hereni yake mwenyewe, aende nayo nyumbani.