Mkate wa jana, konfleksi na oveni: tosti za mayai zinazobaki krispi hata hapa kwetu Tanga

Hotpoti ndo iliyoniponza. Ilikuwa Ramadhani, wageni wametoka Pangani kuja kufuturu kwetu huku Makorora, na mi nikasema leo pamoja na uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi na kaimati nitaweka na kitu kipya mezani, tosti za mayai za kwenye oveni zilizovishwa konfleksi. Saa kumi na moja na nusu jioni zilikuwa tayari, kumi na nne, rangi nzuri ya kahawia, ukizigonga kwa ukucha zinalia. Nikazipanga kwenye hotpoti kama tunavyopanga chapati, nikafunika vizuri, nikaenda kuoga. Adhana ikalia, tumekunywa uji, nafungua hotpoti mvuke unanipanda usoni, konfleksi zote zimelegea utasema zimemwagiwa maziwa. Wageni walikula na wakashukuru, watu wa Pangani wana adabu zao, lakini mi niliumia kwa sababu kile nilichokitoa kwenye oveni sicho nilichokipeleka mkekani.

Tangu siku ile nimezipika mara nyingi mno, za futari, za watoto asubuhi kabla ya shule, za wifi zangu wakija likizo, na nilichojifunza ni kwamba hiki chakula vita vyake vyote ni na maji. Kuna maji ya kwenye mkate, maji ya kwenye mchanganyiko wa mayai, kuna mvuke unaotoka chini ya tosti ikiwa kwenye trei, afu sisi tunaokaa pwani tunaongezewa na hewa yetu hii ambayo hata chumvi kwenye kopo inashikana. Ukiangalia maelekezo ya wenzetu wa nchi za baridi hawakuambii habari ya hewa maana kwao haiwasumbui, wewe ukifuata neno kwa neno unapata kitu kimenyong'onyea halafu unajiona hujui kupika, kumbe sio.

Naanza na mkate. Chukua boflo zima lisilokatwa, ukate mwenyewe slesi nene kama unene wa kidole gumba, sentimita mbili hivi. Zile slesi za dukani zilizokatwa nyembamba zinafaa ukikosa kabisa, ila zinalowa mpaka katikati mara moja na zinakatika ukizigeuza. Na uwe wa jana, wa juzi ndo mzuri zaidi. Mama mkwe wangu aliniona siku moja nakata mkate wa moto moto uliotoka kwenye tanuri la mtaani asubuhi hiyo hiyo, akaniambia, "Mwanangu, huo wa leo wa kunywea chai, wa kuchovya ni ule uliolala." Na ndivyo ilivyo, Wafaransa wenyewe chakula hiki wanakiita pain perdu, yaani mkate uliopotea, kwa sababu kilikuwa ni cha kuokoa mkate mkavu ambao ungetupwa. Mkate uliokauka unanywa mayai na bado unasimama, ule mbichi unakuwa uji kwa ndani.

Sasa wakati wa kiangazi mi nazikata usiku, nazitandaza kwenye ungo, nafunika na kawa, asubuhi zimekauka vizuri. Masika usijaribu, kuanzia Machi mpaka Mei huku kwetu ukiuacha mkate nje haukauki, unaota ukungu. Kipindi hicho nawasha oveni nyuzi 150, nazipanga kwenye wavu dakika kumi, nazigeuza katikati. Usizisubiri zibadilike rangi, unataka zikauke tu, ukizigusa juu ziwe kavu na ukibonyeza katikati bado ulaini upo kidogo.

Afu konfleksi. Hapa nikae kidogo maana ndo watu wengi wanapokosea. Konfleksi ni chakula ambacho kimeshapikwa tayari, kikabanwa kikawa vipande vyembamba, kikaokwa mpaka kikakauka kabisa. Zilianzia Battle Creek, Michigan, Marekani, ndugu wawili wa ukoo wa Kellogg mwaka 1894 waliacha ngano waliyoichemsha ikakaa muda mrefu, walipoipitisha kwenye mashine ya kubana ikatoka vipande vipande badala ya kubaki kipande kimoja kipana, baadaye wakahamia kwenye mahindi, na mwaka 1906 yule mdogo kati yao akaanzisha kampuni. Nayasema haya kwa sababu ukielewa kwamba kazi yote ile ilikuwa ya kuondoa maji, utaelewa pia kwamba boksi likishafunguliwa jikoni kwako hapa Tanga konfleksi zinaanza kuyarudisha yale maji kutoka hewani siku hiyo hiyo. Chukua moja uivunje kwa vidole. Ikikatika kwa mlio ni nzima, ikipinda kwanza ndo ikatike imeshalegea na hata uipike vipi haitakupa ule mlio.

Dawa yake ni rahisi. Zitandaze kwenye trei, nyuzi 150, dakika tano, toa uziache zipoe kabisa. Zikiwa za moto zinaonekana laini, usiogope, zikipoa zinakauka kau. Zinazobaki weka kwenye kopo la mfuniko wa kubana, usizirudishe kwenye boksi.

Kuponda ponda kwenye sinia kwa kitako cha glasi, taratibu, usitumie blenda. Vipande viwe kama ukucha wa kidole kidogo, vingine vidogo zaidi sio mbaya. Nimeshaziponda zikawa unga na nikaona kinachotokea, ule unga unakunywa mayai yote ya juu ya mkate unakuwa kama gundi, ukiingia kwenye oveni unatoka ganda gumu la kijivu halina raha. Na ukiziacha nzima hazishiki, zinadondoka unapogeuza. Zikishakuwa sawa namwagia siagi iliyoyeyushwa, vijiko vitatu vya chakula kwa vikombe vitatu vya konfleksi, nachanganya kwa mkono mpaka kila kipande kiwe kinang'aa kidogo. Siagi inasaidia kupata rangi, na pia mafuta yanazuia maji yasiingie haraka kwenye konfleksi, hii hatua wengi wanairuka kwa kuogopa mafuta ila ukilinganisha na yale tunayomwaga kwenye kikaango ni kidogo sana kwa slesi nane.

Na tafadhali konfleksi ziwe za kawaida, zile zilizopakwa sukari zinaungua kabla ya mayai kuiva ndani.

Mchanganyiko wa mayai kwa slesi nane ni mayai manne, maziwa kikombe kimoja yaani mililita 250, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi robo kijiko cha chai, iliki ya kutwanga nusu kijiko cha chai na mdalasini kidogo. Mi natumia maziwa fresh ya kupima yaliyochemshwa na kupozwa, Tanga kwa maziwa hatuna shida alhamdulillah. Yasiwe ya moto yatakuivishia mayai bakulini. Piga kwa uma mpaka usione ute wa yai ukining'inia kwenye uma, ule ute ukibaki unaganda kama kamba nyeupe juu ya tosti. Iliki usiinunue ya kusaga, punje zake nyeusi zitwange saa ile ile, sisi hapa tuko karibu na Amani inakotoka iliki na mdalasini na pilipili manga, itakuwa aibu tukitumia vumbi la kopo.

Kuchovya ni haraka haraka. Laza slesi, hesabu mpaka tano, geuza, hesabu mpaka tano, nyanyua. Subiri inadondoka, ikianza kudondoka tone moja moja ndo uilaze kwenye konfleksi. Mkono mmoja ufanye kazi ya mayai tu na mwingine wa konfleksi tu, ukichanganya mikono vidole vyote vinavaa konfleksi na sinia lote linalowana. Mimina nyingine juu, kandamiza kwa kiganja, usisugue, na kingo za pembeni usizisahau maana watoto wanaanzia hapo hapo. Ukimaliza zote ziache zitulie dakika tano kwenye wavu, mayai ya juu yanashikana na konfleksi, ukizikimbiza kwenye oveni papo hapo zitavuliwa nguo ukigeuza.

Oveni iwe imeshapata moto nyuzi 200 kabla hujaanza kuchovya, isiwe unawasha tosti zikiwa zinasubiri. Kama una wavu weka wavu juu ya trei, tosti zikae kwenye wavu, mvuke unapata njia ya kutokea chini na trei inapokea zinazodondoka. Kama huna wavu basi ingiza trei tupu ipate moto pamoja na oveni, itoe, pakaza mafuta, laza tosti, usikie inalia chwaa. Ikiwa kimya trei bado baridi na chini patalowa. Dakika kumi, geuza kwa kipawa, nyingine nane mpaka kumi. Oveni zetu hizi ndogo za mezani waya wa juu uko karibu sana na chakula, kwahiyo nashusha wavu ngazi ya chini ya katikati, vinginevyo juu kutaungua na ndani mbichi. Kujua imeiva choma kisu katikati ubonyeze kidogo, yakitoka majimaji ya yai rudisha dakika mbili tatu.

Umeme wengi wananiuliza. Oveni yangu ni ya wati 1600, kuipasha na kuoka jumla kama dakika arobaini, ukipiga hesabu ni kama uniti moja, na inapungua hapo kwa sababu ikishafika joto inajizima na kujiwasha. Kwa slesi nane kwa mpigo mmoja, na mi muda huo nimekaa na wenzangu nakunywa chai badala ya kusimama na kikaango nageuza mbili mbili huku wenzangu wanamaliza kula, naona inalipa kabisa.

Kama oveni huna, jiko la mkaa linafanya, vile vile tunavyooka mkate wa kumimina. Sufuria pana, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, ila kila baada ya dakika nne tano nyanyua mfuniko mvuke utoke. Hazitakuwa krispi kama za oveni lakini zinakuwa nzuri na zina ile harufu ya mkaa ambayo binafsi naipenda.

Zikitoka, ndo tunarudi kwenye hotpoti. Usizifunike. Usizipandanishe. Ziache kwenye wavu dakika tatu kisha zilaze kwenye sinia moja moja, na kama wageni hawajafika zirudishe kwenye oveni nyuzi 100 mlango ukiwa wazi kidogo, nimeziweka hivyo karibu nusu saa na zikabaki nzima. Za kubaki zifungie kwenye friza, siku ukizitaka zinatoka friza zinaingia oveni nyuzi 180 dakika kumi bila kuyeyushwa kwanza. Za kumfungia mtoto kwenye kontena la shule sikushauri, mpaka saa nne zitakuwa zimelainika zote.

Cha kulia mi nafanya shira ya machungwa ya Muheza. Kikombe cha juisi uliyoikamua na kuichuja, kikombe cha sukari, iliki tatu zilizopasuliwa, inachemka taratibu kama dakika kumi mpaka ukichota kijiko shira inakivaa mgongoni. Yale machungwa yana maji mengi na utamu wake una ukali kidogo unaokata siagi. Shira ikae kwenye kibakuli pembeni kila mtu achovye mwenyewe anapokula, ukiimwaga juu ya sinia zima umerudi kule kule kwenye hotpoti. Asali nayo inakwenda. Ndizi mbivu iliyokatwa pia.

Ile ya mama mkwe naifanya tofauti, meno yake hayawezi tena. Yake naiacha kwenye mayai mpaka nahesabu ishirini, naivisha konfleksi upande mmoja tu, zile zilizopondeka zaidi, naioka chini ya karatasi ya foili, ikitoka namwagia shira ya moto naifunika na sahani dakika mbili. Nikimpelekea, "Shikamoo mama, karibu chai," ananijibu marahaba mwanangu, anaikata kwa kijiko bila kisu, afu ananiambia nimletee na kile kipande kidogo kikavu cha pembeni akitafune taratibu, na yeye ausikie ule mlio.